Tilapia wa Mto Nepean

Muema alizaliwa Kitui, upande ule ambao mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima na anayetaka maji huchukua jembe akachimba. Nalisema hili mapema kwa sababu ukimkuta leo ukingoni mwa mto Nepean hapa Penrith, Australia, amevaa kizibao chenye mifuko kumi na mmoja, kofia iliyochomekwa ndoano na miwani ya jua ambayo anasema inapenya maji, utaapa kwamba ukoo wao umevua samaki tangu Nuhu. Babu yake alifuga mbuzi. Samaki wa kwanza Muema kumgusa kwa mkono wake, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alikuwa ameshakaangwa, na kando yake kulikuwa na ugali.

Mimi ni Jerotich. Kwetu Nandi tulikunywa maziwa, samaki tukawaachia wenye ziwa, kwa hiyo katika habari hii sina upande. Nimeishi mtaa wa pili kutoka kwao Muema kwa miaka sita. Mkewe, Gakii, ni rafiki yangu wa kuazimana sufuria na siri. Muema mwenyewe tunafanya naye kazi hospitali moja kule Westmead, sote wauguzi, yeye wodi ya wazee na mimi kwa wagonjwa wa figo, na zamu zetu zikigongana tunapanda treni pamoja. Safari ni nusu saa na ushee. Ndani ya nusu saa hizo nimehubiriwa samaki mpaka nikaanza kupanda behewa la nyuma makusudi.

Aliyemharibu ni Patrick, Mwaustralia wa miaka hamsini na kitu, ambaye kazi yake wodini ni kuwafundisha tena kutembea wazee waliovunjika nyonga. Kiangazi cha mwaka juzi alimchukua Muema mtoni asubuhi moja, akamweka kwenye mtumbwi wa plastiki wa mtu mmoja, ule wanaouita kayaki, akampa fimbo na chambo cha bandia. Muema alirudi nyumbani saa nne akiwa ameungua pua. Kabla wiki haijaisha alikuwa na kayaki yake mwenyewe, ya kijani, ndefu kuliko gari lao, na Gakii akawa anaegesha barabarani kwa sababu gereji ilikuwa imepata mpangaji.

Samaki anayemtafuta anaitwa bass. Si samaki mkubwa. Ana mgongo wa rangi ya chupa ya bia na tumbo jeupe, na ukimpata wa urefu wa kiganja hadi kiwiko, umepata hadithi ya kukutosha mpaka Pasaka. Kiangazi hapa kina wadudu wanaolia mitini kutwa nzima mpaka kichwa kinauma, na wengine huchoka kulia wakaanguka majini. Bass hukaa chini ya matawi akiwangojea. Kwa hiyo wanaume wazima, wenye mikopo ya nyumba na shinikizo la damu, hutengeneza mdudu wa plastiki mwenye mabawa, miguu ya mpira na macho ya kupakwa rangi, wakamrusha juu ya maji na kujifanya ameanguka. Muema ana wadudu hao arobaini na wanne, kila mmoja na chumba chake ndani ya sanduku. Watoto wake wawili wanalala chumba kimoja.

Siku moja kwenye treni nilimuuliza anafanya nini hasa kule, maana nilikuwa nimechoka kuitikia nisichoelewa.

"Shem, ni patience tu," akasema. "Unarusha lure chini ya tawi, karibu kabisa na bank. Ikianguka, usiisongeshe."

"Nangoja nini?"

"Zile rings kwa maji ziishe."

"Zikiisha?"

"Unaitikisa kidogo. Halafu unangoja tena."

"Na samaki?"

"Samaki ni bonus, shem."

Na huyo bonus akimpata, hamleti nyumbani. Humpima kwa rula, humpiga picha, humwambia asante kwa Kiingereza, kisha humshusha majini kwa mikono miwili taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga, na kumwachia aende zake. Kwa miaka miwili hakuna Mkenya wa Penrith aliyeona hata pezi. Tuliona picha tu, kwenye grupu letu la WhatsApp, kila Jumamosi asubuhi kabla hatujapiga mswaki: mkono umenyooshwa mpaka bega linataka kung'oka ili samaki aonekane mkubwa, na kichwa cha Muema kwa mbali, kidogo, kinacheka. Tulikuwa tunajibu kwa vidole gumba. Adabu ni adabu.

Pengine mambo yangeendelea hivyo, kama mama yake Gakii hangekuja kutoka Meru katikati ya Desemba kukaa miezi mitatu. Mama Gakii ni mkulima wa majani chai, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache ameyapima. Nilikuwa jikoni kwao Jumamosi yake ya kwanza, tunakunywa chai, aliposikia gari likirudi na kayaki juu yake.

"Huyu huenda wapi giza bado?" akauliza.

"Kuvua, Mami," Gakii akasema.

"Na samaki?"

"Huwa anawarudisha."

Mama akaweka kikombe chini. "Anawarudisha wapi?"

"Mtoni."

"Kwani ni wa wenyewe?"

Mimi nilicheka mpaka chai ikanipalia. Gakii hakucheka, na Mama hakuwa anafanya mzaha. Alingoja Muema aingie bafuni, kisha akamwambia binti yake kwa sauti ya chini kwamba kwao mwanaume anayetoka nyumbani alfajiri kila wiki na kurudi mikono mitupu, watu hujua anakotoka, na huko si mtoni. Akachukua kikombe chake akaendelea kunywa.

Lazima niwe mkweli hapa. Gakii hakuamini kwamba mumewe ana mwanamke. Alikuwa ameona hizo picha, na hakuna mwanamke mwenye akili zake angemvumilia mwanaume kwa kile kizibao. Lakini yeye hufanya zamu za usiku siku tatu kwa wiki, na Jumamosi hurudi asubuhi akiwa hoi, akawakuta watoto, walioachwa kwa jirani, wanataka kupelekwa kuogelea na baba hayupo. Alikuwa amenyamaza miaka miwili. Neno la mama yake lilimpa mahali pa kuanzia.

Jioni ileile, wakati wa kula, mbele yangu na mbele ya mama yake, alimgeukia Muema.

"Babe, Sunday ya pili ya January nimeinvite watu. Jero, Venant na bibi yake, watu wa fellowship. Mami anataka kuona hiyo samaki yako. One fish. Moja tu, kwa meza, watu wakiona."

"Babe, hii ni catch and release. Patrick na mimi tume—"

"Ikikosa, Monday kayak inauzwa Marketplace. I'm serious."

Muema akamtazama mama mkwe kana kwamba angepata wakili pale. Mama Gakii akamwongezea mboga kwenye sahani na kusema, "Nitafurahi kumwona, mwanangu." Hapo akawa amefungwa. Mke unaweza kubishana naye, ukalala sebuleni siku mbili, yakaisha. Mama mkwe aliyevuka bahari, ukamwahidi kitu kisha ukamnyima, hiyo itasimuliwa Meru na Kitui, na itakuwa imefika kabla ya ndege yake kutua. Akasema, "Sawa, Mama. Utamwona."

Wiki tatu zilizofuata mto ulimkataa. Alienda Krismasi, alienda Mwaka Mpya, alienda hata siku mbili za katikati ya wiki kabla ya zamu, akafika wodini ananuka matope. Alipata wadogo wa kutia huruma. Kwenye treni aliacha kuhubiri. Alikaa akiangalia simu, hali ya hewa, upepo, na mimi nikapata amani ambayo nilikuwa nimeiombea. Sheria ya hapa humruhusu mtu kubeba bass wawili kwa siku wakati wa kiangazi, kwa hiyo serikali haikuwa kizuizi. Alichotakiwa ni kumpata mmoja wa kuonekana mezani.

Jumamosi ya mwisho, siku moja kabla ya wageni, alitoka saa kumi na moja kasoro na kurudi karibu saa saba mchana. Akaingia jikoni na boksi la barafu akipiga mluzi. Ndani mlikuwa na samaki mzima, mpana, wa kilo moja na zaidi, ameshaparuliwa magamba na kutolewa matumbo. Gakii alishangaa, akauliza mbona yuko safi hivyo. Muema akasema wavuvi wa kweli husafishia samaki mtoni. Mama Gakii alimgusa samaki kwa kidole kimoja, akamwambia mkwe wake, "Umefanya vizuri," na Muema akainamisha kichwa. Gakii anasema alidhani ni unyenyekevu.

Ukweli, kama alivyoutoa mwenyewe siku iliyofuata, ni kwamba kutoka mtoni aliendesha gari moja kwa moja hadi Liverpool, kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, akangoja lifunguliwe. Kwenye friji la kule nyuma, kati ya mihogo na kisamvu kilichogandishwa, alichagua tilapia mkubwa kuliko wote. Kisha akampitishia maji ya bomba la bustani ndani ya gereji ya nyumba yake mwenyewe, mlango umefungwa, mpaka barafu ikayeyuka.

Na hili ndilo linalonimaliza mpaka leo. Penrith kuna maduka ya samaki. Angenunua samaki yeyote wa huku, wa baharini au wa mtoni, sisi wote tungekula tukishangilia, maana nani kati yetu angemjua? Lakini Muema, pamoja na wadudu wake arobaini na wanne, alipotaka samaki wa kumpa mama mkwe heshima alitaka samaki anayefanana na samaki. Na Mkenya ukimwambia afumbe macho afikirie samaki, atamwona tilapia, mzima, na kichwa chake, na nyanya kando. Miaka miwili ya bass ilikuwa imepita juu yake bila kugusa chini.

Basi akampiga picha. Alivaa kizibao, kofia, miwani, akasimama mbele ya ua wa jirani palipo na majani mengi, akanyoosha mkono. Chini ya picha kwenye grupu akaandika: "Nepean River this morning. Mungu ni mwema." Vidole gumba vikamiminika. Safari hii na mimi nilituma mioyo, kwa sababu nilifikiri, eh, kumbe jamaa anaweza.

Hapa ndipo mkono wangu uliponiwasha. Picha nilimtumia Patrick. Nilitaka tu kumchokoza: mwanafunzi wako amekupita. Dakika mbili baadaye akanijibu kwa alama za kuuliza tatu. Kisha akauliza huyo samaki ametoka wapi hasa. Nikamwandikia kama ilivyoandikwa: Nepean, leo asubuhi; nikaongeza la kwangu, sehemu yenu ileile karibu na daraja. Patrick akaandika, "Oh no," na hakuandika tena. Mimi nilidhani ni wivu. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikaenda kusuka nywele.

Jumapili tulikuwa watu kumi na moja. Joto lilikuwa la kukausha mate, wadudu wanapiga kelele kwenye miti ya jirani, Gakii amemkaanga samaki na kummwagia mchuzi wa nazi, amemweka katikati ya meza juu ya sinia. Kulikuwa na pilau, kuku, mukimo, lakini macho yote yalikuwa pale. Muema aliombwa asimulie. Akasimulia. Alisema jinsi alivyorusha, jinsi alivyongoja, jinsi maji yalivyopasuka na moyo ukamruka. Alisimulia vizuri sana, nami nilivutwa, na baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini.

Mtu pekee aliyenyamaza ni Venant. Venant ni Mkongo wa Uvira, anafanya kazi ghala moja huko Liverpool, na alikulia kando ya Ziwa Tanganyika ambako watoto hujua samaki kabla ya kujua herufi. Alimpakulia mkewe, akajipakulia, akaonja, akatafuna polepole sana.

"Ndugu Muema," akasema, "hii samaki ulisema iko na jina gani?"

"Bass."

"Bass." Akatafuna tena. "Bon. Iko muzuri."

Mlango ukabishwa. Muema alikuwa karibu, akafungua. Nje walisimama mwanamke mmoja wa makamo na mwanaume kijana, wote na mashati ya kazi yenye nembo, wakajitambulisha kuwa maofisa wa uvuvi. Walikuwa wamempigia simu tangu asubuhi hajapokea. Wapole, tena wapole kupita kiasi, ule upole wa huku unaokufanya uanze kufikiria umekosa nini. Yule mwanamke akatoa simu na kuonyesha picha. Niliiona nikiwa nimekaa. Ni ileile niliyomtumia Patrick.

"Is this you, mate?"

"Yes," Muema akasema, kwa sauti ya mtu mwingine.

Yule ofisa akamweleza, na sote tuliojua Kiingereza tukasikia. Tilapia ni marufuku kwenye mito ya huku. Akiingia, huzaa haraka, huwafukuza samaki wa asili, na bass ndio wa kwanza kwisha. Na ukimwona mmoja ujue kuna maelfu. Hawakuja kumkamata mtu, walikuja kumshukuru kwa picha. Walichotaka ni aende nao sasa hivi awaonyeshe mahali penyewe, kwa sababu kesho asubuhi watazuia sehemu hiyo ya mto, waweke nyavu, wapime maji. Hakuna atakayevua pale mpaka wamalize, na huenda kiangazi chote kikaisha.

Muema alisimama ameshika kitasa. Nyuma yake kulikuwa na mama mkwe na sinia la samaki. Akisema kweli, anaaibika mbele ya watu kumi na kayaki inakwenda. Akisema uongo mmoja tu zaidi, hata kwa kuonyesha kidole tu, anaokoa heshima yake, anaokoa kayaki, na mto unafungwa. Nilijua nani aliyewaleta wale watu, nikatamani ardhi inimeze mimi kwanza.

"It's from the shop," akasema. "Liverpool. It's frozen. I bought it."

Yule ofisa hakuelewa mara moja. Muema akaenda gereji, akachakura pipa la taka na kurudi na mfuko wa plastiki wenye picha ya tilapia na jina la nchi ya mbali. Ofisa akausoma mbele na nyuma. Akapumua. "Mate," akasema, "you've got no idea how happy you just made me." Akampa mkono, mwenzake naye akampa mkono, wakatutakia mlo mwema, wakaenda.

Mama Gakii, ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni na cha kanisani, akauliza, "Wamesema nini?"

Kila mtu alikuwa amegundua jambo la maana kwenye sahani yake. Ilibidi Muema akiri mara ya pili, kwa Kiswahili, akiwa amesimama.

"Mama, huyu samaki nilimnunua. Si wa mtoni."

"Minajua tangu mwanzo," Venant akanong'ona kwa mkewe, na mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Kwa hiyo hukupata," Mama akasema.

"Nilipata."

Gakii akainua kichwa. "Ulipata nini?"

"Jana. Kumi na mbili kasoro. Forty-one centimetres, babe, sijawahi pata mkubwa hivyo. Nilimweka kwa kayak. Nikatoa kisu." Akakaa kwenye kiti cha karibu, kofia mkononi. "Mama, wiki hii wodini nimefunga macho ya wazee watatu. Watatu, kwa mkono huu. Mmoja hakuwa na mtu hata wa kupigiwa simu. Huyu samaki alikuwa ananiangalia, anafunua mdomo, anafunga. Sikuweza. Nilimrudisha. Halafu nikaogopa kurudi nyumbani."

Mimi nimefunga macho ya watu vilevile. Najua uzito wa kope. Nilikuwa nimekaa pale na kicheko changu cha miaka miwili, na sikujua nikipeleke wapi.

Mama Gakii akasogeza sinia la samaki kando. "Si ungeniambia hivyo," akasema. "Ningekula kuku."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomvunja Muema. Akaficha uso kwenye kofia. Na kama Gakii angenyamaza hapo, ningesema leo kwamba yaliisha vizuri. Lakini Gakii alikuwa ametoka zamu ya usiku asubuhi ile, amekaanga samaki kwa saa nzima kwenye joto lile, ameaibishwa mbele ya fellowship nzima.

"Mama yangu umemdanganya jana bila hata kupepesa macho," akasema. "Na mimi. Na hawa wote. Mto ndio umeshindwa kuudanganya."

Mimi sikusema ni nani aliyetuma picha. Nilisema siku nne baadaye, kwenye treni, na alinitazama tu akasema, "Ni sawa, shem," jambo ambalo lilikuwa baya kuliko angenitukana.

Kayaki iliuzwa Jumanne. Mama Gakii alimwomba binti yake aiache, lakini Gakii alikuwa amelisema neno lake mbele ya mashahidi, na hapendi kuonekana mtu wa kutishia bure. Aliyenunua ni mama mmoja wa Emu Plains, mtaa wa ng'ambo ya mto, mchangamfu, mwenye mikono ya kufanya kazi. Muema ndiye aliyemsaidia kuifunga juu ya gari. Alimwonyesha kamba ipi hulegea, na kiti hukunjwaje. Kwenye grupu tulicheka juma zima. Mtu alituma picha ya mfuko wa tilapia na kuandika "Mungu ni mwema". Na mimi nilicheka. Sitasema sikucheka.

Jumamosi iliyofuata Gakii alirudi kutoka zamu akamkuta mumewe amekaa mezani jikoni, amevaa, viatu miguuni. Ameamka saa kumi na nusu kwa sababu mwili umezoea, na baada ya kuamka hakuwa na pa kwenda. Alikuwa ameosha vyombo, ameandaa mabegi ya watoto ya kuogelea, amepiga pasi sare za wiki nzima, zake na za mkewe. Ndicho hasa Gakii alichokuwa anakitaka kwa miaka miwili. Jumamosi ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu pia.

Ya nne ndipo Gakii alipomwandikia yule mama wa Emu Plains, akiwa amesimama palepale jikoni, kumuuliza kama anaweza kuwarudishia kayaki kwa bei yoyote aitakayo. Jibu lilikuja kabla chai haijachemka. Akalisoma kwa sauti: anasikitika, hauzi, ni kayaki nzuri ajabu, na tangu aipate, yeye na mumewe wamekula bass kila Jumapili.

Muema alikuwa anapanga taulo za watoto. Akaacha.

"Wote anakula?" akauliza. "Hata mmoja harudishi?"

Gakii aliniambia kwamba alitaka kucheka, akafungua mdomo kabisa, na kicheko hakikutoka.